Nani Apewe Asali ya Luhende?

Hadithi imefika mlangoni. Semeni: ipite! Ina vumbi miguuni. Semeni: ikae! Basi imekaa, na sisi tukae nayo.

Zamani, si zamani sana, baiskeli zilishakuwepo, paliishi watu watatu na kila mmoja alijaliwa chake. Nyamizi alijaliwa macho. Akimtazama kuku anavyotembea, anakwambia huyu kesho hatagi, na kweli hatagi. Chilongani, Mgogo, fundi baiskeli pale njia panda, alijaliwa ulimi. Ulimi wake haukuwa na mlango. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, hilo mnalijua. Wanatukanana mchana kutwa na hakuna anayekasirika, na anayetukanwa akashindwa kujibu, huyo ndiye kaliwa. Wa tatu ni Mjomba Kasanda, mkuu wa kambi ya warina asali. Yeye alijaliwa miguu. Akishasema "twende", hata mto ukijaa atausubiri ushuke, halafu atakwenda.

Katikati yao alikuwepo Luhende. Mume wa Nyamizi, mtani wa Chilongani, mpwa wa Kasanda. Hadithi ni yake.

Luhende alikuwa mrina asali, tena mrina hasa. Mizinga yake ilining'inia huko msituni kwenye miyombo, na alama ya ukoo wake ilichongwa kwenye kila gogo. Sasa mwaka mmoja, kabla ya mvua, aliamka asubuhi akakuta dunia imesogea mbali. Hakufiwa. Hakugombana na mtu. Miyombo ilikuwa imechipua majani yake mekundu, msitu mzima unawaka kama kawaida ya wakati ule, naye anauona wekundu, ila anauona kama kitu anachosimuliwa. Alijisikia kama mtu aliyechovywa kwenye nta. Sauti za watu zilimfikia zimechelewa. Akiitwa, jina lake lilikuja polepole, kama mgeni asiyejua nyumba ni ipi.

Angesema, lakini kwa neno gani? Kule kambini kulikuwa na mwiko. Mwanamume akiwa kambini hatamki "nimechoka". Waliamini nyuki wakilisikia neno hilo wanahama mizinga. Ukizidiwa unasema "jua kali leo", au unasema "kamba imekuwa fupi", wenzako wanaelewa, wanakupa maji. Lakini lililomkaa Luhende halikuwa jua wala kamba. Akanyamaza.

Siku moja ya kurina, akaacha mwenge chini. Mrina hupanda na mwenge wa magome unaotoa moshi, nyuki wapate kulegea. Luhende akapanda mikono mitupu. Nyuki wakamvaa. Wakamuuma mabega, shingo, hadi kope. Hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu maumivu yale kama mvua inayonyesha juu ya paa la jirani. Tena moyoni akasema, afadhali hii, angalau kuna kitu kinafika.

Aliposhuka na masega, wanaume wakapiga ndoo kwa vijiti.

"Dume! Dume la nyuki!"

Mjomba Kasanda akavua kofia yake ya mkuu wa kambi akamvika. "Mpwa wangu, tangu babu yako, sijaona mwingine."

Hapo ndipo walipokosea. Mtu amezama, wao wanamsifu kwa kupiga mbizi. Na tangu siku ile Luhende hakupanda na moshi tena.

Sasa twende kwa Nyamizi. Jioni anamkalisha mumewe kwenye kigoda, anamtoa miiba ya nyuki kwa kucha. Zamani Luhende alikuwa na kelele, mwiba mmoja tu utasikia, "We mwanamke, unanitoa mwiba au unanichuna?" Sasa amekaa kama gogo. Nyamizi akatoa miiba kumi, ishirini, hakuna hata "aa". Akachovya kidole kwenye asali mpya akamlisha.

"Tamu, Baba Shija?"

"Iko sawa."

Nyamizi akabaki na kidole hewani. Asali iko sawa! Nani aliwahi kusikia asali iko sawa? Akaanza kuangalia kwa yale macho yake. Akaona matonge matatu ya ugali, halafu mkono unanawa. Akaona mtu amelala lakini macho yako wazi mpaka jogoo anawika. Akaona kikombe cha mtoto kimeanguka, na baba aliyekuwa mpole anafoka kama radi, halafu anakwenda kukaa nyuma ya banda ameshika kichwa. Leo mgongo unauma, kesho kichwa, keshokutwa hajui kinachouma. Siku ya siku akaona shoka la kuchongea mizinga, shoka la babu yake Luhende, lililokuwa haliazimwi hata kwa machozi, liko begani kwa jirani.

"Kanipa," jirani akasema. "Kasema yeye la nini. Mumeo amekuwa mkarimu sana siku hizi."

Nyamizi akaona mtu anayegawa vyake kama anayeaga. Kule kwao ya ndani hayatoki nje. Mke akisema mume wangu hayuko sawa, anaambiwa amemvua mumewe nguo sokoni. Mama mkwe atamnunia mwaka mzima. Nyamizi alilijua hilo, akajifunga khanga, akatoka. Hakwenda kwa wakwe. Alikwenda njia panda.

"Shemeji Chilongani, nenda kamtukane mume wangu."

"Hiyo kazi siombwi. Nimtukane nini?"

"Chochote. Mimi nataka kujua kama atajibu."

Chilongani akacheka. Alipomtazama usoni, akaacha kucheka, akaweka spana chini.

Kesho yake akaenda kambini, akawakuta wanaume wamekaa wanakamua masega. Akaanzia mbali.

"Nani huyu? Wewe mla majana, mla watoto wa nyuki! Uso umevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta!"

Wanaume wakacheka, wakageuka wamsikie Luhende. Kimya.

"Nyie Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu mpaka akili mkaiacha njiani!"

Kimya.

"Babu yako aliona mbuzi wetu akamwamkia shikamoo!"

"Leo Mgogo kashinda!" mmoja akapiga kofi. "Luhende kakua, hajibizani na watoto."

Luhende aliyasikia matusi yote. Alijua majibu yake, yalikuwepo, yamelala mahali fulani chini sana kama mawe kwenye kisima. Alikuwa hana tu mkono wa kuyafikia.

Chilongani akamsogelea, akachuchumaa mbele yake. Sauti ikashuka.

"Mtani. Naomba unitukane. Hata kidogo tu."

Luhende akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Unawaza kufa?"

Wanaume wakaacha kukamua. Mtu mwingine yeyote angeuliza vile, angepigwa kofi. Mtani hapigwi. Yule Chilongani asiyenyamaza alinyamaza, akasubiri, na asali inadondoka kwenye ndoo, tone, tone.

Kule alikokuwa Luhende, ndani ya nta, swali likapenya. Kila mtu alikuwa amemuuliza, kulikoni, vipi hali, na yeye anasema salama. Hili halikuwa na "salama" ya kujibia.

"Sipangi kufa," akasema. "Ila nikiamka asubuhi naona heri nisingeamka." Halafu akalitoa. "Nimechoka, mtani. Nimechoka."

Weee! Wanaume wakasimama. Wengine wakatazama juu kwenye miti. "Kavunja mwiko! Nyuki watahama! Mtoeni, mtoeni kambini!" Mmoja akaokota ndoo ya Luhende aitupe nje ya uwanja. Luhende akainuka aende. Hakujua anakwenda wapi, na miguu yake haikujali.

"Kaeni," akasema Mjomba Kasanda.

Hawakukaa.

"Nimesema kaeni! Mwaka ule nilipoanguka mtini mkaniuguza, mlidhani tawi lilikatika? Mimi pia nilipanda bila moshi. Mwaka mzima. Na mimi nilichoka." Akalisema neno tena, mkuu wa kambi, mbele ya mizinga yote. "Nilichoka sana, na sikumwambia mtu. Nikapona sijui vipi, kwa bahati. Halafu nimemwona mpwa wangu anafanya vilevile, nikamvika kofia."

Nyuki waliendelea na shughuli zao.

"Luhende, twende."

"Wapi, mjomba?"

"Kwa wanaojua. Mimi nilijaribu kunyamaza, kunyamaza si dawa."

Kituo cha afya kilikuwa mbali, mwendo wa tangu alfajiri hadi jua la saa tano. Wakaenda na baiskeli moja, wanapokezana kuendesha, na penye mchanga wanaisukuma. Mganga alikuwa mwanamke mdogo, mwenye subira. Akamuuliza Luhende habari za usingizi, chakula, mawazo, akamuuliza tena lile la Chilongani, bila kupepesa macho. Akasema, "Kaka yangu, huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Haukuingia kwa sababu wewe ni dhaifu, na hautatoka kwa sababu umejikaza. Unatibika." Akampa vidonge, akampa na siku za kurudi kuzungumza.

Msidhani alipona kesho yake. Wiki ya kwanza, hakuna. Ya tatu, hakuna. Luhende akakataa kwenda. Alfajiri akasikia kengele ya baiskeli uani.

"Mjomba, sioni faida."

"Sijasema utapona leo. Nimesema twende."

Hivyo hivyo, kila baada ya majuma mawili. Kasanda anakaa nje kwenye benchi anatafuna muwa, Luhende yuko ndani anazungumza. Mvua zikaanza, wakaenda na matope. Mvua zikakatika, wakaenda na vumbi.

Siku moja wanarudi, jua limelegea, majani marefu pande zote mbili yanayumba kama watu wanaosinzia, Luhende akasikia kitu. Akasimama. Kumbe ni nyuki, kundi zima juu ya maua ya msitu, wanavuma. Walikuwa wanavuma siku zote hizo. Leo ule mvumo ulimfikia ukiwa mzima, ukamwingia kifuani, ukakaa. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Mjomba," akasema baadaye kutoka kiti cha nyuma, "hii baiskeli yako inalia kama mbuzi anayetahiriwa."

Kasanda akaangalia mbele, akakanyaga pedali kwa nguvu, maana na yeye macho yalikuwa yamemjaa.

Walipofika njia panda, Luhende akashuka. "Chilongani! Wewe mla vumbi! Nchi yenu mvua ikinyesha watu wanakimbia wakidhani mbingu inatapika!"

Chilongani akatupa spana, akashika kichwa, akapiga ukelele. "Kanitukana! Jamani, mtani kanitukana!" Akamkumbatia mpaka wakachafuana grisi wote wawili.

Sasa ndipo ugomvi wenyewe. Kule wana desturi: mtu aliyepotelea msituni akirudishwa, mzinga atakaoanza kurina, asali yake yote inakwenda kwa aliyemrudisha. Inakwenda kwa mtu mmoja, na haigawanywi. Wanasema ukiigawanya, aliyerudi atabaki vipande vipande kwenye nyumba za watu. Wazee wakakaa, wakakubaliana kwamba Luhende alikuwa amepotelea msituni, hata kama kila siku alilala nyumbani kwake. Akapanda na mwenge, moshi mzuri, akarina ndoo moja iliyojaa. Wakakusanyika uani kwake. Ndoo iko mapajani mwake.

Nyamizi akaanza. "Nani aliona? Mlikuwa mnapiga ndoo, mnaimba dume, dume. Mimi niliona. Na nilitoka nje nikijua nitaitwa mke mbaya. Mama mkwe mpaka leo hanisalimii vizuri."

"Mke anapewaje asali ya nyumba yake?" mmoja akauliza.

"Kwa hiyo macho yangu ni ya bure kwa sababu nimeolewa?"

Huyo akakaa chini.

"Shemeji, kuona hata mbuzi anaona," akasema Chilongani. "Uliona miezi mingapi? Nani aliuliza? Swali lile lilikuwa zito kuliko mzinga uliojaa. Kama angenijibu 'ndiyo', ningefanya nini? Na bado niliuliza."

"Uliuliza kwa sababu nilikutuma!"

"Ulinituma kutukana. Kuuliza nilijituma."

Watu wakacheka. Mjomba Kasanda hakucheka. "Mimi sidai. Lakini nyie mlimfungua mdomo kwa siku moja. Angefukuzwa kambini siku ileile na maneno yake mdomoni. Nilimtembeza miezi tisa. Na nilisema langu mbele ya wanaume, jambo nililolificha hata kwa mke wangu mpaka akafa."

"Lakini kofia ulimvika wewe!" ikatoka sauti nyuma.

"Ndiyo," akasema Kasanda. "Ndiyo maana nilitembea."

Halafu shangazi yake Luhende, aliyekuwa anachambua mchele kana kwamba hasikilizi, akasema bila kuinua uso: "Na yule aliyesema 'nimechoka' pale ambapo kusema ni mwiko? Huyo mbona hamumtaji? Mnamrudishaje mtu ambaye hakuitika?"

Hapo wakazozana kweli. Ati mtu ajipe asali mwenyewe? Wengine, kwa nini asijipe? Wengine, hajawahi kutokea. Nyamizi kashika kiuno, Chilongani kasimama juu ya kinu, Kasanda katulia na fimbo yake.

Luhende akawatazama mmoja mmoja. Akimtazama mmoja, anaona ni huyu. Akimgeukia wa pili, anaona hapana, ni huyu. Ndoo nzito, na jua linashuka, na watu wanasubiri aseme jina.

Alisema jina, na ukoo ule uligawanyika kwa jina hilo mpaka leo. Wapo wasiopeana chumvi. Sitawaambia alisema lipi.

Haya, nyie mliokaa hapa. Ndoo iwekeni mapajani mwenu. Msianze kusema wote, wote haipo. Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani? Na hao wengine ungewaangaliaje usoni?