Mito ya Sufi ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na majiko yao, vyandarua vyao, na hata chuo kikuu chao, paliishi mama mmoja aliyeitwa Bi Pimbi. Alikuwa mdogo hivi, kama paka, na mgongoni alimbeba mwanawe Tunu kwa kanga.

Kila asubuhi alipanda jiwe lililokuwa nje ya dirisha la chuo, akasikiliza. Ndani, Mwalimu Kiboko alifundisha uchumi: jinsi wanyama wanavyochagua, wanachopata na wanachoacha.

"Ukichagua kuoga matopeni," alisema Mwalimu Kiboko, "umeacha kulala kivulini. Kile kivuli ulichokiacha ndiyo gharama ya kuoga kwako. Andikeni."

Kwaru, kwaru, kwaru, wakubwa wakaandika. Bi Pimbi naye aliandika kwa kidole juu ya jiwe, mahali pasipoandikika. Twiga, aliyekaa karibu na dirisha, akamwona. Tangu siku hiyo aliinamisha shingo yake ndefu ili mama yule auone ubao. Hakumwambia mtu.

Lakini dirishani unasikia tu, huwezi kuuliza. Na Bi Pimbi alikuwa na swali. Alilala nalo, akaamka nalo, akapika nalo.

Jumatatu moja akajipa moyo, akaenda mlangoni.

"Hodi wenyewe. Naomba nafasi kwenye benchi, ndogo tu. Nami nitampa kila mmoja wenu mto wa sufi wa kukalia."

Nyati, kiranja wa darasa, akamtazama juu mpaka chini. "Mama, benchi ni la mawe na limejaa. Mwaka mzima nimelikalia, na makalio yangu hayajalalamika."

"Ya Tembo je?" akauliza Fisi, na darasa zima likacheka.

"Anayeutaka mto asogee," akasema Nyati.

Hakuna aliyesogea ila Twiga, na nafasi ya Twiga peke yake haikumtosha hata Tunu.

Bi Pimbi akainamisha kichwa. "Si neno, mabwana. Mito nimekwisha kuishona. Ikalieni tu wiki hii, kule nyumbani panya wataitoboa. Ijumaa nitaifuata."

"Bure?" akauliza Fisi.

"Bure, ndugu yangu."

Wakaikalia, puu, puu, puu. Jumanne Tembo akasema mgongo umeacha kumuuma. Jumatano Fisi aligombana na Nyati, akidai amebadilishiwa mto na kupewa uliobonyea. Kufika Alhamisi, kila mmoja alikuwa ameandika jina lake juu ya mto.

Ijumaa, hodi tena. Bi Pimbi aliingia na kapu kubwa, akaanza na mto wa Nyati.

"Ngoja, mama," Nyati akasema, akiukandamiza kwa kwato. "Unachukua mto wangu?"

"Wako, bwana Nyati? Jumatatu ulisema jiwe halikusumbui."

"Jumatatu ilikuwa Jumatatu. Sema unataka nini. Nitakuletea majani mabichi ya mwezi mzima."

"Majani ninayo. Nataka nafasi kwenye benchi."

Nyati akageuka. "Fisi, sogea. Tembo, vuta huko hiyo nusu yako ya nyuma."

"Nusu ipi?" akanung'unika Tembo, lakini alivuta zote mbili. Wakabanana, kwii kwii, mpaka pakatokea upenyo. Bi Pimbi akaketi, miguu ikaning'inia.

Mwalimu Kiboko alikuwa ameacha kuandika. "Jumatatu mlikataa kusogea ili mpate mito," akasema taratibu. "Leo mmesogea ili msiikose. Mito ni ile ile, benchi ni lile lile. Nani amebadilika?"

Wakainama, kila mmoja akautazama mto wake.

"Somo hili nilitaka kulifundisha mwezi ujao. Kitu kikishakuwa chako, kukitoa kunauma kuliko kilivyokupendeza ulipokipata. Bi Pimbi, wewe umelijulia wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu. Mpe mtoto kijiko achezee, halafu jaribu kukichukua."

"Kwa hiyo ametuchezea," akasema Fisi.

"Nimewachezea, ndugu zangu, mnisamehe. Mito kaeni nayo, ni yenu."

"Na sasa umeingia," akasema Mwalimu Kiboko. "Una la kusema?"

Bi Pimbi akasimama juu ya benchi ili aonekane.

"Nina swali. Umetufundisha kwamba mnyama hupima anachopata na anachoacha, ndipo akachagua. Mama yangu alipofariki, mimi nilitolewa shule nikalee wadogo zangu watano. Sikuulizwa. Wadogo zangu nawapenda, wala siwajutii. Lakini kile nilichokiacha kinaniita kila asubuhi. Yule ambaye hakuchagua, Mwalimu, gharama yake inaandikwa wapi?"

Mwalimu Kiboko akaweka chaki chini. Alikuwa amefundisha miaka ishirini, wala hakuwahi kuulizwa hivyo. Akashusha pumzi, fuuu.

"Sijui, mama," akasema. "Njoo Jumatatu tulitafute pamoja jibu lake."

Basi, wanangu, mkimwona mtu anasomea dirishani, sogeeni apate pa kukaa, kabla hajalazimika kuwafanyia hila.