Uzito wa Kiti cha Nyuma

Ndugu zangu, hebu mfikirieni mama mmoja mjane, mnene, mcheshi, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Marehemu mumewe aliacha gari la zamani, lile la enzi za vioo vya kuzungusha kwa mkono. Kijana akalirithi. Akaona injini ya baba imechoka, akaing'oa, akapachika nyingine kubwa iliyotoka kwenye gari la kisasa.

Gari likapata mbio za ajabu. Lakini mbele sasa palikuwa pazito na nyuma pepesi. Likishika kasi kwenye barabara kuu, mkia unacheza, kijana ameng'ang'ania usukani jasho linamtoka. Fundi akamwambia, "Springi na shokapu za gari hili ni za kuagiza. Kwa sasa tia uzito nyuma."

Basi kila Jumamosi honi ikawa inalia mlangoni kwa mama. "Mama, jiandae twende tukapunge upepo." Na mama huyu, aliyekuwa akikaa miezi bila kumwona mwanawe, anavaa kitenge chake kizuri, anakaa kiti cha nyuma, katikati, kama alivyoelekezwa. Upepo unampiga usoni, anacheka peke yake. Majirani wakiuliza anawaambia, "Mwanangu amenikumbuka." Nani kati yenu angekuwa na roho ya kumbishia?

Springi zikafika, zikafungwa. Jumamosi iliyofuata mama akavaa, akakaa barazani kungoja. Akasikia mngurumo anaoujua. Gari likapita mbele ya nyumba kwa kasi, limenyooka, halitikisiki, kiti cha nyuma kitupu.

Akampigia simu. "Baba, leo umenisahau?"

"Hapana, mama. Gari limetulia sasa. Hata asipokaa mtu nyuma, halichezi."

"Kumbe nilikuwa nakaa kwa ajili ya gari?"

"Sasa mama, ningeweka nini? Mchanga ungechafua buti."

Mama akaingia ndani, akavua kitenge. Kilichomuuma zaidi ni majirani. Wote alikuwa ameshawasimulia jinsi anavyopendwa.

Naona mnatikisa vichwa kwa hasira. Mnamkasirikia nani? Sisi tulipokuwa tunayumba, kazi haieleweki, ndoa haieleweki, mtoto yuko wodini, si tulijaa humu kanisani kwenye mikesha mpaka wengine wakakaa nje? Tulimwambia Mungu, "Baba, twende wote." Kazi ikapatikana, mtoto akapona. Leo Jumapili tunapita hapo nje na vioo tumepandisha, hata honi hatumpigii.

Yule mama angalau alidanganyika. Mungu hakudanganyika, ndugu zangu. Alijua tangu siku ya kwanza kwa nini tunamwita, na bado alipanda.