Kifaru Aliyemaliza Nguvu za Kilima

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa kilima?"
"Kipandwe!"
"Mwenye miguu minne?"
"Akimbie!"
"Mwenye miguu miwili?"
"Akae, asikilize!"

Basi kaeni.

Hapo kale, katika bonde moja la nyika, aliishi Digidigi, mgane. Mkewe alikufa msimu wa ukame, akamwachia kichaka kimoja cha mikwamba, si kikubwa, chenye kivuli cha kuwatosha wawili. Digidigi hakutaka kingine.

Jirani yake alikuwa Kifaru. Kifaru alikuwa na vichaka kumi na tisa. Asubuhi anatafuna hiki, kwachu-kwachu. Jioni anatafuna kile, kwachu-kwachu. Siku moja akasimama mbele ya kichaka cha Digidigi, akahema, huuu!

"Ewe kibete, nimehesabu. Nikipata na hiki, vinatimia ishirini."

"Mjomba, hii ni nyumba yangu."

"Kwako nyumba, kwangu kiamshakinywa."

Sheria ya bonde ilikuwa moja: wawili wakigombea kichaka, hushindana mbio, kupanda Kilima cha Mawe Mekundu na kurudi. Mwamuzi alikuwa Bi Mbuni. Akawapa siku sita za kujiandaa, mbio siku ya saba.

"Atakayeshindwa ahame bonde," akasema, "na asije kunililia. Nina mayai ya kuatamia."

Digidigi akafikiri. Kwa nguvu hamwezi. Kwa mbio, Kifaru akichemka humtimulia vumbi kila mtu. Akafikiri tena, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya kwanza akapanda kilima, tipu-tipu-tipu, akashuka, tipu-tipu-tipu, akarudi kulala. Kifaru akamkuta kajinyoosha kivulini.

"Mara moja tu?"

"Mara moja, mjomba. Nguvu ziko kule kileleni. Kila ukipanda, unajichotea kibaba. Leo nimechota kimoja. Kesho nalala, kiive mwilini. Keshokutwa nachota kingine. Ila nakuomba, wewe una mwili mkubwa, usije ukazimaliza. Niachie hata vibaba viwili!"

Macho ya Kifaru yakang'aa. Akapanda kilima, gidi-gidi-gidi, akashuka, gidi-gidi-gidi. Mara moja? Mara kumi.

Siku ya pili Digidigi akalala. Kifaru akapanda mara ishirini.

Siku ya tatu Digidigi akapanda mara moja, akalala. Kifaru akapanda mara thelathini. Kula hakula; aliogopa kwamba akiinama tu, mwenzake atachota.

"Mjomba, pumzika!"

"Kupumzika ni kwa wenye miguu ya njiti!"

"Mjomba, magoti yanatetemeka."

"Yanatetemeka kwa nguvu!"

"Haya, mjomba. Kweli wewe ni dume."

Siku ya nne Kifaru akamkuta Digidigi kafumba macho, pua inacheza, kwato zinatikisika.

"Unalala tena?"

"Nakimbia, mjomba. Nakimbia kichwani. Njia yote naiona: jiwe hili, kona ile, kichuguu pale."

Huo haukuwa uongo. Kichwani mkewe alitangulia, kama alivyozoea, naye akafuata nyayo zake hadi kileleni. Hilo hakumwambia Kifaru.

"Kumbe na mbio za kufumba macho zipo!" akanguruma Kifaru. "Nazo ni zangu!"

Akafumba macho, akainamisha pembe, akatoka. Gidi-gidi-gidi, gubu! Mgunga mzima ukalala chini. Kifaru akafumbua jicho moja.

"Huu mgunga haukuwepo."

"Kichwani mwako haukuwepo, mjomba," Digidigi akajibu kwa adabu.

Siku ya tano Digidigi akapanda mara moja. Siku ya sita akaja analia, machozi tiririri.

"Mjomba, jana nimefika kileleni, pakavu! Hata kijiko hakuna! Umezichota zote!"

Kifaru akafurahi mno. Akapanda mara nyingine arobaini, kukomba masalia.

Siku ya saba bonde zima likakusanyika. Bi Mbuni akapiga bawa chini, pwa! Kifaru akatoka kwa kishindo, gidi-gidi-gidi, na Digidigi akameza vumbi. Jiwe la kwanza Kifaru yuko mbele. Kona ya kwanza Kifaru yuko mbele.  Digidigi akakiona kichaka chake kinatafunwa, kwachu-kwachu, mpaka mzizi. Akakitoa kichwani. Akaziweka mahali pake nyayo ndogo zinazotangulia, akazifuata. Jiwe hili. Kona ile. Tipu-tipu-tipu.

Kwenye kichuguu akasikia: gidi... gidi... gi.

Miguu ya Kifaru ilikuwa magogo. Alikaa chini katikati ya njia. Digidigi akampita, akafika kileleni, akageuka, akampita tena akishuka.

"Shikamoo, mjomba."

Kifaru hakuwa na pumzi hata ya marahaba. Bi Mbuni alipomfikia akamkuta bado ana matumaini.

"Nguvu ninazo," akanong'ona. "Nimezichota zote. Zinachelewa tu kufika miguuni."

"Zikifika," akasema Bi Mbuni, "zitumie kuhama."

Akahama, akiviacha vichaka kumi na tisa kwa wasio na kichaka. Digidigi akarudi kwake. Akalala upande mmoja wa kivuli, na upande wa pili akauacha kama ulivyo.

Hadithi yangu imepanda, imeshuka. Aliyeipenda aende nayo kwao. Asiyeipenda aipande mara thelathini.

Na funzo ni hili, mlishike vizuri: mazoezi ni kukazana bila kukoma, kupumzika ni uvivu, na usingizi haujawahi kumshindia mtu mbio. Anayebisha akamuulize Kifaru. Kati ya wale wawili, yeye ndiye aliyefanya mazoezi.