Mtofaa Mchachu wa Mama Mbilinyi

“Aliyekata mchachu, mtamu humchanulia bure.” Mmemsikia mjomba wenu akiusema msemo huo, mkacheka, kisha mkaniuliza mchachu ni nani na mtamu ni nani. Haya, endeleeni kumenya viazi huku mkisikiliza. Ulianza hivi.

Huko Njombe, upande wa juu ambako umande wa alfajiri huganda majanini kama chumvi, aliishi mjane aitwaye Mama Mbilinyi. Nyuma ya nyumba yake ilisimama mitofaa mitano. Yote marehemu mumewe aliibebesha, yaani aliiunga kwa vijiti vilivyokatwa kwenye mti mmoja, na matofaa yake yalikuwa matamu kiasi kwamba watu walimwita Mama Matofaa. Pembeni, karibu na choo, palikuwa na mtofaa mwingine, mchachu. Matunda yake yalikuwa madogo kama gololi, na ukiuma moja, jicho linajifumba lenyewe. Ila ulipochanua, ulikuwa wa waridi kuanzia chini hadi juu, na nyuki walivuma humo kutwa nzima.

Mwanawe Festo akaoa binti wa kijiji cha ng'ambo, Twilumba. Hata hajazoea jiko la ukweni, mama mkwe akamwambia, “Mkamwana, ule mchachu unakula mbolea bure. Ukate tupate kuni.”

Twilumba aliyapenda yale maua. Lakini mgeni habishani na mwenye nyumba. Aliukata mti, akang'oa na kisiki chake, akapanda viazi pale.

Msimu wa maua ukafika. Mitofaa mitano ikachanua vizuri kama miaka yote. Kisha maua yakapukutika, na pale ambapo tunda dogo lingepaswa kuvimba, kikonyo kikageuka njano na kuanguka. Twilumba hakuelewa. Aliweka samadi, akamwagilia, akanyunyiza majivu, akapogoa vitawi vilivyokauka. Kila asubuhi aliinua majani na kuchungulia, na kila asubuhi hapakuwa na kitu.

“Mama Matofaa,” majirani walitania, “mwaka huu utatuuzia maua?”

Mama Mbilinyi hakucheka. “Miti yangu haijawahi kunifanyia hivi,” alisema. “Na nyumbani kwangu kimebadilika kitu kimoja tu.” Akamtazama mkwewe. “Mkono wako una kisirani.”

Twilumba aliitazama mikono yake. Ilikuwa ile ile aliyopandia maharage kwao, nayo maharage yalizaa. Akamuuliza mumewe. Festo akajikuna kichwa. “Mama atapoa tu,” akasema.

Mama hakupoa. Mwaka uliofuata, macho ya maua yalipoanza kufumbuka, alimwita Twilumba. “Nenda kwenu. Miti ikizaa wakati wewe haupo, nitakuwa nimejua, na usirudi tena.”

Twilumba aliondoka hajui amwombe Mungu nini. Miti isipozaa, nyumba ya mumewe ingekosa matunda tena. Ikizaa, angekosa mume.

Kwao, mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. “Umemtukana?”

“Hapana.”

“Umeiba?”

“Mama! Hapana.”

“Basi rudi. Ila usirudi mikono mitupu.” Kwao, mwanamke aliyekwenda kutafuta suluhu alishika tawi lenye maua. Mama mtu akaenda kwenye mtofaa wake mchachu, akakata matawi yaliyochanua, akayatia kwenye ndoo yenye maji.

Mama Mbilinyi alimkuta getini.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene. Nilikuambia nini?”

“Uliniambia niende kwetu. Mama yangu kaniambia nirudi. Sasa mimi nimsikilize mama yupi?”

“Kumbe una mdomo!” Kicheko kilimponyoka kidogo, akakimeza. “Ndoo yako isiingie ndani kwangu. Ipeleke shambani ukaiombe radhi miti uliyoikosea.”

Twilumba hakujua mti huombwaje radhi. Aliiweka ndoo chini ya mtofaa ulio karibu na ua, akasimama hapo kama mjinga, kisha akaenda kuosha vyombo. Nyuki waliyaona yale maua ya waridi. Walitoka ndooni wakapanda mtini, wakarudi tena ndooni, miguu ikiwa na unga wa njano.

Maua yalipopukutika, mtofaa wa karibu na ua ulijaa vitunda mpaka matawi yakainama. Miti ya jirani yake ilikuwa na kimoja hapa, kimoja pale. Ile ya mbali, hata kimoja.

Mama Mbilinyi aliuzunguka ule mti, akarudia tena. “Ulimwaga nini hapa?”

“Sikumwaga kitu, mama. Niliacha ndoo tu.”

“Ndoo ya nini?”

“Ya maua ya mchachu.”

Mama Mbilinyi aligeuka kuangalia viazi vilivyoota karibu na choo. “Nani alikuambia uukate ule mti?”

Twilumba aliinama.

“Sema.”

“Ni wewe, mama.”

Mama Mbilinyi akaketi palepale kwenye udongo, na khanga yake mpya. Hakuna kati yao aliyejua hasa kilichotokea. Siku hizi tunajua: miti ile mitano ilikuwa ndugu wa mama mmoja, na ndugu hawaoani. Unga wa maua yao haukufaana. Ilihitaji mgeni, na nyuki ndiye mshenga. Mama Mbilinyi alijua jambo moja tu, na lilimtosha. Alimshika Twilumba mkono, ule aliouita wa kisirani, akautumia kujiinua.

“Twende kwa mama yako,” alisema, “nikamwombe mche mwingine wa ule mchachu. Na nikamwombe radhi.”

Walipoupanda, majirani walikuja kushangaa. “Mama Matofaa, umezeeka? Unapanda uchachu kwenye ardhi nzuri namna hii?”

Yeye akawajibu bila kuinua uso, huku akishindilia udongo pamoja na mkwewe: “Aliyekata mchachu, mtamu humchanulia bure.”