Sanda Isiyofika Miguuni

Wametusimulia waliotutangulia katika wema kwamba mjini Basra alikuwako mja mmoja, Ruwaim bin Hatim, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa akiuza sanda.

Adhuhuri moja, soko limenyamaza kwa joto, alisimama mbele yake mwanamke aliyejifunika gubigubi. Ruwaim hakumsikia akija. Mwanamke alinuka kafuri, ile wanayopakwa maiti, na nyayo zake zilikuwa zimelowa maji, ilhali njia yote ilikuwa vumbi tupu.

"Ewe Ruwaim, sanda uliyoniuzia haifiki miguuni."

"Mfukuze, ndugu yangu!" alidakia Bakkar, jirani yake wa duka. "Sanda ikishatoka haisemwi tena. Ni nuksi!"

Na kweli hiyo ndiyo ilikuwa ada ya soko lile. Ruwaim naye hasira zilimpanda. Yeye, ambaye watu waliapa kwa kipimo chake, aambiwe amepunja? Alikuwa amekwisha fungua kinywa kula kiapo, akamcha Mola wake, akakifunga.

"Nionyeshe kosa langu, mama."

"Pima tena, utazame mikono yako."

Alipima kitambaa kwa dhiraa yake kama siku zote, na safari hii akaona. Alikuwa akikivuta kitambaa hadi kinakakamaa, ndipo anakata; kikiachwa, kinajirudi na kuwa kifupi. Aibu ilimshika.

"Umesema kweli. Haki yako ninayo mimi."

Dukani haikubaki sanda ila moja, ile aliyoiosha kwa maji ya Zamzam alipohiji, akajiwekea mwenyewe. Uzee ulikuwa umemfika na hakutaraji kuhiji tena. Ilikuwa nzito mikononi, wallahi, lakini aliitoa.

"Niletee," alisema yule mwanamke, akatangulia.

Ruwaim alifuata nyayo za maji mpaka kwenye nyumba moja ya pembeni. Mwanamke aliingia. Ruwaim alipobisha, alitoka bibi mwosha maiti, mikono ikimchuruzika.

"Mola ndiye aliyekuleta! Nimekwisha mwosha, sanda ni fupi, na sina wa kumtuma."

"Mbona umemtuma mwanamke? Ameingia humu sasa hivi."

Bibi alirudi nyuma hatua. "Humu tumo mimi na marehemu tu, baba. Hakuwa na jamaa. Hata sanda alijinunulia mwenyewe."

Ruwaim aliinamisha macho. Kizingitini nyayo zilikuwa zikikauka. Alilia, akamshukuru Mola kwa kile kiapo ambacho hakukila.

Enyi mnaopima na kuuza, msimkunjie uso anayekuja kulalamika. Huyo amewahurumia. Mwogopeni aliyenyamaza, akangoja kudai haki yake siku ambayo hamtakuwa na kitambaa cha kuongeza.