Jini wa Birika na Maji ya Shamari

Nitegeeni masikio, maana nikisimulia sipendi mtu akohoe. Katika mji wa Kandili alitawala Sultani Ghalibu bin Zahrani, mwenye enzi na hazina isiyo kifani, na mwanawe wa pekee aliitwa Lutufi, kijana mzuri wa sura na mwingi wa majivuno. Lutufi alimpenda kwa kusikia sifa tu Binti Zumaradi, mwana wa Sultani Mardasi wa Shamari, nchi iliyoko nyuma ya majangwa. Lakini wachumba wote waliomtangulia huko walirudi kwao wamebebwa kwa machela, na sheria ya Shamari ilikuwa wazi: asiyeweza kusimama barazani kwa miguu yake mwenyewe hapewi mke.

Siku ya safari mama yake, Bibi Sitina, akampa birika kuukuu la shaba. "Mwanangu, humu mna jini. Maji ya ugenini usiyanywe mpaka yeye ayaguse."

Lutufi akalisugua birika, na jini akatoka, mnene, jasho likimtiririka. "Labeka, bwana wangu! Mimi ni Fukuto, mtumishi wa birika."

"Nijengee kasri!"

"Siwezi, bwana."

"Basi nipe farasi arukaye."

"Bwana, mimi kazi yangu kuchemsha maji."

Lutufi akacheka hadi akashika mbavu. "Lahaula! Wenzangu wana majini ya kuhamisha milima, mimi nimepewa mpishi!" Akalitupia birika chini kabisa ya mizigo, na safari ikaanza.

Alifika Shamari koo limekauka, na pale sokoni akamwona muuza maji ya baridi yenye marashi. Akanywa, akaongeza, akajifuta mdomo. Alasiri haijaisha tumbo likamsokota, na mwana wa Sultani mzima akawa haondoki chooni, macho yamemwingia ndani, na baraza ni kesho! Akalia, "Mama yangu, laiti ningekusikia!" Akatambaa hadi kwenye mizigo akalisugua birika.

"Ehee! Leo umenikumbuka?" akasema Fukuto. Lakini alimwonea huruma, akachemsha maji, akayaacha yapoe, akatia sukari na chumvi kidogo, akamnywesha funda kwa funda kama mtoto. "Na tangu sasa chakula ule kikiwa moto, tunda ulimenye mwenyewe, na mikono uoshe."

Asubuhi Lutufi akasimama barazani kwa miguu yake mwenyewe. Sultani Mardasi akamnyooshea kikombe cha maji ya kisima cha kifalme, kwani ndiyo desturi ya Shamari, na mgeni anayekikataa amemtukana mwenyeji wake na hufukuzwa mjini. Lutufi akaelewa kilichowaangusha wenzake. Akinywa, ataanguka, asiponywa, Zumaradi amemkosa.

Akainama na kusema, "Ewe Sultani mtukufu, heshima hii ni kubwa mno niinywe peke yangu. Kwetu mgeni huyapika maji aliyopewa, kisha hunywa pamoja na mwenyeji wake." Desturi hiyo aliitunga papo hapo, Mungu amsamehe.

Sultani akapendezwa. Lutufi akalisugua birika alilokuja nalo, Fukuto akachemsha maji, akatia tangawizi na iliki, baraza zima likanukia, na watu wakanywa wakaomba tena.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya Zumaradi. "Baba, huyu ndiye mgeni wa kwanza aliyeyapika maji yetu, na tazama, angali amesimama. Wale wengine hawakuwa dhaifu. Kisima chetu kitazamwe."

Kisima kikatazamwa, na kumbe uchafu wa zizi la ngamia ulikuwa ukichuruzikia humo miaka yote, wenyeji wakiwa wameuzoea tangu utotoni. Sultani Mardasi akaona haya hadi akalia. "Nimewaaibisha vijana wa watu bure!" Akaamuru kichimbwe kisima kipya, mbali na zizi, akamwoza Lutufi bintiye, akampa na makasha ya lulu na hariri, na furaha ikajaa Shamari hadi Kandili.

Usiku wa harusi Lutufi akamwambia Fukuto, "Nakuacha huru, nenda utakako."

"Niende wapi, bwana?" akajibu jini. "Umekuja kwenye sinia la pilau bila kunawa."

Basi ninyi mnaokwenda nchi za watu, ukarimu wa mwenyeji upokeeni kwa mikono miwili, mkamshukuru na kumwombea heri. Lakini maji yake yachemsheni kwanza.