Wimbo wa Maua ya Vanila

Bei ya vanila ilipopaa, tajiri Rwechungura alimfuata mpangaji wake, Kemilembe. "Nirudishie shamba langu!"

"Chukua, mzee. Ila maua yasipozaa, shamba liwe langu."

"Kwani wewe unayafanyia nini?"

"Kila asubuhi nayaimbia. Waulize majirani."

Majirani walikiri kwamba walimsikia. Rwechungura akacheka, akatia saini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Msimu mzima akaimba. Mbuzi wakakimbia, maua yakanyauka bila tunda hata moja.

"Koo limenikauka!" alilalama, akikabidhi shamba. "Nilikosea wapi?"

"Wimbo hukukosea, mzee, umenishinda hata mimi." Kemilembe alichomoa kijiti nyweleni. "Ila mimi niliimba nisisinzie, huku nikichavusha ua moja moja kwa hiki."